Kipa kaumia, mechi ni Jumamosi: tucheze bila kipa au tumvalishe mtu pedi?

Nahodha Timu B

Habari zenu wanahoki. Mimi ni nahodha wa timu ya pili ya wanawake kwenye klabu yetu ya ridhaa, ile timu ambayo ratiba yake hubandikwa chini kabisa ya ubao na hupangiwa uwanja saa ambazo jua halina huruma. Jumamosi tuna mechi, Jumapili timu ya kwanza nayo inacheza. Kipa wetu ameteguka kifundo cha mguu mazoezini na daktari kamwambia asahau magongo kwa wiki kadhaa.

Kipa wa timu ya kwanza yupo, mzima kabisa, ila kocha wake hataki hata kusikia. Anasema akiumia kwenye mechi yetu, Jumapili atamweka nani golini? Namwelewa, ingawa kwa kinyongo. Ukimtoa huyo, klabuni hakuna mwingine aliyewahi kuvaa pedi.

Kwenye grupu maoni yamegawanyika. Kuna wanaosema sheria inaruhusu kuingia bila kipa kabisa, wachezaji 11 wote wa ndani, kwa hiyo tutakuwa na mtu wa ziada kwenye kiungo na tutawabana wapinzani huko huko kwao. Anayelipigia debe zaidi wazo hili ni straika wangu, na sishangai, maana yeye kurudi kukaba ni mpaka aombwe kwa maandishi. Wengine wanasema tumvalishe mtu yeyote tu asimame pale. Ukiuliza "nani?", grupu zima kimya, kama simu zote zimezima chaji kwa pamoja.

Hao wapinzani nawajua. Wana beki anayepiga fliki ya kukokota kwenye penalti kona (adhabu ambayo mpira husukumwa kutoka mstari wa nyuma, na wanaojilinda golini ni watano tu): anaupokea mpira juu ya duara, ile nusu duara ya mbele ya goli, anauburuta na gongo hatua moja ndefu, halafu unaruka usawa wa bega kabla hujajua umetoka. Ndiye anayeninyima usingizi.

Naomba waliopita njia hii wanisaidie. Ni kweli tunaruhusiwa kucheza bila kipa? Na kama tunamvalisha mtu, tumchague kwa kigezo gani, na tumfundishe nini kwa mazoezi mawili yaliyobaki? Vifaa ni vya klabu. Vinanuka, lakini ni vizima.

Filimbi ya Pili

Dada nahodha, mimi ni mwamuzi, kwa hiyo nianze na sheria, maana naona grupu lenu lina nusu yake tu.

Mnaruhusiwa, ndiyo. Timu ina njia mbili. Ama iwe na kipa aliyevaa kamili, yaani kwa uchache helmeti, pedi za miguu na kika za kufunika viatu, pamoja na jezi ya rangi tofauti. Ama icheze na wachezaji wa ndani watupu. Zamani kulikuwa na njia ya katikati: mtu anavaa jezi ya rangi tofauti bila pedi, na bado anapata haki za kipa. Hiyo ilifutwa 2019. Kwa hiyo msije Jumamosi na mtu mwenye helmeti na glavu tu mkasema ndiye kipa. Mwamuzi atamrudisha akavae vizuri au avue vyote.

Sasa sikiliza maana yake uwanjani. Bila kipa, hakuna hata mmoja wenu mwenye ruhusa ya kuzuia mpira kwa mguu au mwili. Anayesimama kwenye mstari wa goli ana gongo lake, basi. Mpira unaoelekea wavuni ukimgonga mguuni, hata kama hakukusudia, mimi nanyoosha mkono mmoja juu na mwingine kwenye alama ya penalti, mita 6.40 kutoka golini. Na atakayesimama kuukabili mkwaju huo naye ni mchezaji wa ndani: anaruhusiwa barakoa ya uso na gongo. Goli lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14. Fikiria mwenyewe gongo moja litafika wapi.

Kuhusu huyo beki wao. Pigo la kwanza la penalti kona likiwa la kuubamiza mpira, ni lazima uvuke mstari bila kuzidi kimo cha milimita 460, yaani usipite juu ya ule ubao wa chini wa goli. Fliki haina kikomo hicho. Inaruhusiwa kwenda juu mradi si ya hatari. Anayemkimbilia mpigaji akishafika ndani ya mita 5, mpira wa kwanza ukimpata chini ya goti ni penalti kona nyingine. Ukimpata gotini au juu yake akiwa amesimama kawaida, pigo linahesabiwa la hatari na nyinyi mnaojilinda mnapata frii hiti (pigo huru). Lakini yule aliyebaki kwenye mstari wa goli yuko mbali zaidi ya hapo, na kanuni hiyo ya mita 5 haimgusi.

Mkitaka, mnaweza kubadili njia katikati ya mechi kwa sabu ya kawaida. Ila penalti kona ikishatolewa hakuna sabu mpaka iishe, isipokuwa kipa anayejilinda akiumia au akila kadi. Na someni kanuni za ligi yenu kabla hamjagombana zaidi na kocha wa timu ya kwanza: baadhi ya ligi humlegezea kipa masharti ya kuhama timu ndani ya wikendi moja.

Benchi la Ufundi

Sisi tulishawahi kuingia bila kipa, kipa alikwama safarini. Nakueleza kitu ambacho hakiandikwi kwenye sheria. Nilipanga mtu wa ziada acheze juu ya kiungo, kama anavyotaka straika wako. Mwanzo ulikuwa mtamu, tulikaa na mpira. Halafu wapinzani wakapiga shuti moja tu, likatoka nje, na kuanzia hapo mabeki wangu wakaanza kurudi nyuma wenyewe, hatua kwa hatua, bila mtu kuwaambia. Viungo nao wakawafuata. Kufikia mapumziko yule mtu wangu wa ziada alikuwa beki wa tano. Woga ulipanga timu upya, mimi nikabaki napiga kelele pembeni.

Mkiamua hivyo hata hivyo, basi kazi yenu ni kuhakikisha hampewi penalti kona. Hakuna kuweka mguu ovyo ndani ya duara. Na kumbuka faulo ya makusudi ndani ya mstari wa mita 23 (ule unaokatiza uwanja mbele ya duara lenu) ni penalti kona hata kama mko nje ya duara. Straika wao akija na mpira, msimvamie. Msukumeni kuelekea kushoto kwake, ambako atalazimika kuligeuza gongo, na mkae mguu kwa mguu naye mpaka afike pembeni. Magongo yote ni ya mkono wa kulia, itumieni hiyo.

Pedi Kuukuu

Mvalisheni mtu. Kutoa kipa ni kwa timu inayofukuzia goli dakika za mwisho, si kwa timu inayoanza mechi.

Mimi nimezeekea golini, na kinachoniuma kila swali hili likija ni jinsi watu wanavyochagua. Wanamtafuta mzito, asiyekimbia, aliyechelewa kujiunga, wanamtupia begi. Kumbe kipa ndiye mtu pekee anayeuona uwanja wote kwa mbele. Ndiye anayewapanga wale wanne wengine kwenye penalti kona. Mtu mkimya ukimvalisha helmeti umeongeza nguzo ya tatu tu. Kwa hiyo dada nahodha, angalia nani kwenye timu yako ana mdomo. Yule anayeonya "nyuma yako!" hata wakati hakuna mtu nyuma. Halafu kesho mazoezini mwangalie mpira unapoinuka: anageuza uso, au anaushusha kwa gongo macho yakiwa wazi? Akiwa wa pili, umempata. Muulize, usimteue. Kipa wa kulazimishwa humjui mpaka kufungwa goli la kwanza, ndipo anaanza kuangalia saa.

Mavazi, kwa mpangilio, maana mgeni atayavaa kinyume. Kaptula yenye sponji na kinga ya nyonga kwanza (wanawake nao wana yao, msiipuuze). Kisha kika, kisha pedi za miguu, kifua, kinga ya koo, helmeti, glavu mwisho kabisa kwa sababu ukishavaa glavu hufungi tena kitu. Kika na pedi zina kushoto na kulia. Bakoli zote, yaani vifungio vya mikanda, zikae upande wa nje wa mguu. Zikiwa ndani zitanasana na atajikwaa kila akikimbia. Mkanda unaopita chini ya soli ukazwe mpaka kika isizunguke, maana ikizunguka hata kidogo, mpira aliokusudia uende pembeni unakwenda kwenye gongo la straika. Pedi nayo ikae juu ya kika bila kuacha mwanya pale kifundoni. Mpira una gramu 156 hadi 163 na ni mgumu. Ukipata mwanya huo, hutakuwa na kipa wa pili.

Zoezi la kwanza msimpige shuti hata moja. Atembee na vifaa, akimbie, aende kando kwa hatua fupi, alale na kuinuka. Akiacha kujikwaa, mtu amrushie mipira kwa mkono, ya chini chini, naye aisukume kwa upande wa ndani wa kika: wa kulia unapeleka kulia, wa kushoto unapeleka kushoto. Mpira usirudi katikati, hata ukiwa wa mazoezi. Gongo mkono wa kulia, glavu ya kushoto wazi kando ya nyonga, magoti yamekunjwa, uzito mbele ya nyayo. Glavu ile ni ya kuzuia, si ya kudaka. Mpira wa hoki haushikwi, haurushwi, wala haulaliwi.

Zoezi la pili leteni kamba ndefu. Ifungeni kwenye nguzo zote mbili, katikati ya kamba mtu aishike pale mpira ulipo, juu ya duara. Mnapata pembetatu. Kipa asimame kwanza kwenye mstari wa goli, aone kamba zilivyo mbali na mikono yake pande zote. Asogee mbele hatua moja, aangalie tena. Hatua nyingine, aangalie tena. Atajua mwenyewe kwa nini hatubaki mstarini, na hutahitaji kumweleza pembe ni nini. Msogezeni mwenye mpira kushoto na kulia, naye ahame ili abaki katikati ya kamba. Nusu saa ya hiyo inatosha kuliko mashuti mia.

Penalti kona: kwa kuwa mpinzani ana fliki, asilale mapema. Makipa wa kujifunza kwenye video hupenda kujinyoosha chini kufunga goli lote, na kwa pigo la chini inafaa kweli, lakini kwa fliki amempa mwenzake nafasi yote ya juu. Abaki amesimama. Mtu mmoja kwenye nguzo, mmoja mwenye barakoa na glavu za kona amkimbilie mpigaji kwa mstari ulionyooka, ili kipa ajue upande gani umefunikwa.

Na mwambieni haya ayakariri: nje ya duara yeye ni kama mchezaji mwingine, gongo tu. Mstari wa mita 23 asiuvuke mpira ukiwa unachezwa. Helmeti haivuliwi.

Nahodha Timu B

Asanteni sana, nimeyapeleka yote kwenye grupu. Kocha wa timu ya kwanza tumemwacha na kipa wake, yaishe.

Mzee Pedi, sikuhitaji hata kumaliza kusoma. Aliyenijia kichwani ni beki wetu wa kushoto. Huyu dada hubishana na marefa mpaka kwenye mechi za kirafiki za watoto, na sauti yake inafika maegesho. Nilipomuuliza akasema "leteni". Alipovaa helmeti akaanza kuwapanga mabeki papo hapo, kabla hata ya kufunga pedi.

Kamba imemaliza kila kitu. Aliposogea hatua ya pili alinyamaza, tukio la kihistoria, kisha akasema, "Kumbe goli ni dogo hivi?" Straika wangu bado amenuna.

Filimbi ya Pili

Huyo beki namtakia kila la heri, ila mwambie kipa naye hula kadi. Ya kijani tu na anakaa nje dakika 2, na timu inabaki pungufu.

Nahodha Timu B

Jumamosi jioni, nimetoka uwanjani sasa hivi. Tumefungwa 3-2 na kuna jambo nataka kumuuliza mwamuzi.

Penalti kona yao ya kwanza, yule beki akakokota fliki yake, bega la kulia, wavu. Kipa wetu hakusogea. Nilimkimbilia kumpa moyo, nikamkuta anawafokea walio kwenye nguzo. Ya pili ikaja vile vile, safari hii alikuwa ameshapiga hatua mbele na amebaki amesimama. Ukampiga kifuani, ukaanguka mbele ya mguu wake wa kushoto, naye akautandika kwa kika mpaka ukagonga benchi lao la akiba. Benchi letu lilishangilia kana kwamba ni goli. Baada ya hapo yule beki akaanza kupiga chini, na chini huyu dada ni mzuri kuliko kipa wetu mwenyewe (asisome hapa).

Jambo lenyewe. Mpira mrefu ulipita mabeki, kipa akatoka mbio, akawahi, akaupiga teke hatua moja nje ya duara. Refa akatoa penalti kona, na ndiyo waliyopatia la pili. Sisi tulitegemea iwe frii hiti tu. Kipa, bila shaka, alimweleza refa hivyo kwa urefu, na kadi ya kijani akaipata kama ulivyotabiri.

Tukiwa nyuma 2-1 na dakika chache zimebaki, nikamtoa, nikaingiza mchezaji wa ndani. Straika akapata alichokuwa anakililia wiki nzima. Na nimpe haki yake: tuliwabana kweli, tukapata penalti kona, yeye mwenyewe akaumalizia mpira uliorudi, 2-2. Ningekuwa na sabu ya haraka ningemrudisha kipa hapo hapo, lakini alikuwa ameshavua helmeti, glavu na kika moja. Wakaanzisha katikati, wakatupita pembeni, shuti la kawaida tu kuelekea goli tupu, beki wangu wa kati akajitupa mstarini. Ukamgonga kiatu. Mkono mmoja juu, mwingine kwenye alama. Yule yule wa fliki akapiga mkwaju, 3-2.

Straika anasema tulisawazisha. Ndivyo anavyoikumbuka mechi.

Filimbi ya Pili

Pole nahodha. Kwa maelezo yako, refa yuko sawa. Kipa akicheza mpira kwa mguu nje ya duara lakini ndani ya mstari wa mita 23, kama haikuwa makusudi ni frii hiti, kama ni makusudi ni penalti kona. Mpira ukimdunda pedini akiwa anajaribu kutumia gongo, naweza kumtetea. Lakini mtu akikimbia, akainua mguu na kupiga teke safi, nitasemaje kwamba hakukusudia? Angeunyooshea gongo. Na ule mkwaju wa mwisho ndio nilioueleza mwanzoni, hauna mjadala.

Benchi la Ufundi

Dakika za mwisho ulifanya sawa kumtoa, mimi ningefanya vile vile nikiwa nyuma. Ila siku nyingine kipa akitoka akae amevaa vyote, karibu kabisa na mstari wa katikati, pale sabu zinapoingilia. Mkisawazisha anarudi papo hapo. Kuvua kika ni baada ya filimbi ya mwisho.

Nahodha Timu B

Hilo nimelichukua. Sasa nina tatizo jipya: kipa wetu wa dharura hataki kurudisha glavu. Ameziweka kwenye begi lake na anasema beki wa kushoto mtafute mwingine.

Pedi Kuukuu

Mpeni hizo glavu, lakini zisilale ndani ya begi usiku wa leo. Kila kitu kifunguliwe mikanda, pedi zisimame zimeachana, kika zigeuzwe mdomo juu, viwekwe penye upepo na kivuli. Jua kali linakausha sponji mpaka inaanza kumeguka. Pamba za ndani ya helmeti na mkanda wa kidevuni vifutwe kwa maji na sabuni kidogo, hiyo harufu uliyoisema mwanzo imetoka hapo.

Na mazoezi yajayo aje mapema. Kumfokea mtu wa nguzoni baada ya goli si kumpanga. Nataka aanze kumpanga kabla mpira haujasukumwa, na kwa hilo kamba haisaidii.